Nani Gadi Hapa?

Siku ya mwisho ya kawaida nyumbani kwetu ilianza kwa ugomvi wa sufuria. Baba alikuwa amechemsha maji ya kuoga kwenye sufuria ambayo Mama alikuwa ameitenga kwa ajili ya githeri, mahindi na maharagwe ya siku ile, na Mama si mtu wa kunyamazia jambo kama hilo. "Mzee mzima, unaogea kwenye chakula," alimwambia. Baba akajibu kwamba maji ni maji, akajifunga taulo, akaenda zake bafuni kule nje na sufuria mkononi, akiwasalimia majirani kwa heshima zote kana kwamba amevaa suti.

Nilikuwa nimekuja kuwatembelea kutoka Umoja, ambako nafundisha watoto wa chekechea. Nilicheka mpaka Mama akanigeuzia hasira mimi. Ndipo ndugu yangu Simiyu akaingia kutoka kazini, miwani ya kuchomelea ikiwa bado imepandishwa kwenye paji la uso, akinuka chuma kilichoungua. Alisikiliza kesi ya sufuria pande zote mbili.

"Mathe, wacha stress," akasema. "Nitakuundia ingine ya chuma. Kubwa. Buda akitaka kuoga ataingia mzima mzima."

Mama alijitahidi asicheke, akashindwa. Tulikula githeri iliyochelewa na hakuna jambo lingine lililotokea. Nikiulizwa furaha ni nini, naikumbuka sufuria hiyo, na roho yangu inauma kwa sababu siku ile niliiona kama siku yoyote tu.

Hapo ni Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mistari ya nyumba ndogo zinazotazamana, bomba la maji likiwa upande wa pili wa uwanja. Baba alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu. Gadi ndiye mtu wa behewa la nyuma kabisa. Dereva ana injini na honi na sifa zote, lakini hawezi kuondoa treni mpaka gadi ainue bendera ya kijani. Akiinua nyekundu, hata waziri awe ndani, treni haitoki. Baba alisomea kazi hiyo na akafanyiwa mtihani, na alikuwa na majivuno nayo. Sisi tulimtania kwamba hata kanisani angependa kumwinulia mchungaji bendera nyekundu mahubiri yakizidi.

Simiyu alipokuwa mdogo aliokota bendera mbili kuukuu ambazo Baba alikuwa amezileta nyumbani, ya kijani na nyekundu, akawa hazitoi mkononi. Alisimama uwanjani akiongoza magari ya waya ya watoto wenzake, huyu apite, yule angoje. Ile ya kijani aliipoteza kila wiki. Mama akachoka kuitafuta, akachana sare yangu ya shule iliyonibana, ya buluu, akaishonea kitanzi cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Kuanzia hapo mtoto akaitwa Gadi. Waliomwita hivyo walikuwa watoto, kisha mama zao, kisha mtaa wote hadi Shauri Moyo, alikokuja kufanyia kazi yake ya kuchomelea mageti.

Baba hakulipenda jina hilo. Aliona ni cheo anachopewa mtu ambaye hajakitolea jasho. Nyumbani tulisema Simiyu. Cheti cha ubatizo kilisema Josephat Simiyu. Lakini nje ya mlango wetu hakuna aliyelijua jina lolote kati ya hayo, na hakuna aliyelihitaji. Hata Mama alikuwa Mama Nafula, kwa kuwa mimi ndiye niliyezaliwa kwanza. Nasema haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyokuja kututesa.

Miaka ile vijana wa Eastlands, upande wetu wa jiji, walikuwa wanapigwa risasi, na mtu akiuliza nani aliyepiga anaambiwa auache uchunguzi uendelee. Simiyu alianza kwa kuwasindikiza akina mama mochari. Hakuwa amesoma sheria, wala hakuwa na chama. Alikuwa tu mtu asiyeweza kumwona mama wa mwenzake akienda peke yake mahali pale. Kutoka mochari akaanza kwenda nao kituo cha polisi, na kutoka kituoni akaanza kusimama mbele ya watu na kuuliza kwa sauti. Baadaye maswali yakawa ya mtaa mzima, halafu ya mitaa mingi, na barabara ya Jogoo ikajaa watu waliokuwa wakiuliza jambo lile lile. Serikali ikajibu.

Wakili wa serikali alikuja kuziita siku zile operesheni. Redio ilisema vurugu. Mama huziita vita, nami namfuata Mama, kwa sababu mtu anayelala chini ya kitanda akisikiliza mabati yakitobolewa hana haja ya kutafutiwa neno la adabu.

Nilikuwa Makongeni vilipoanza, na barabara zikafungwa, nikabaki. Malori yenye vyuma yalisimama mwisho wa uwanja wetu. Askari walipanda juu ya jengo lililokuwa likijengwa, na kutoka huko waliuona uwanja wote. Upande wetu nyumba. Upande wa pili bomba.

Siku ya kwanza hakuna aliyetoka.

Siku ya pili mwanamume wa mstari wa nyuma alitoka na mtungi. Tulisikia mlio mmoja. Mtungi ulibaki umesimama.

Maji yalikuwa yameisha. Watoto walilia, kisha wakaacha kulia, na hilo lilitutisha zaidi.

Ndipo Simiyu akaingia chini ya kitanda cha wazazi, tukidhani anajificha, akatoka na kisanduku. Humo mlikuwa na bendera zile. Kitanzi cha kijani hakikumtosha tena mkononi. Mama alirarua pindo la leso yake ya maua mekundu, akaongeza kipande, akashona, akamfunga kitanzi mkononi kwa fundo, nami nikimshikia taa kwa kuwa madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa magodoro.

Kona ya nyumba yetu ilikuwa na mahali ambapo mtu aliweza kuchungulia lile jengo bila kuonekana kutoka juu. Simiyu alijibana hapo. Askari walipobadilishana zamu, au walipogeuka kula, aliinua kijani, na akina mama walivuka mbio na mitungi. Walipogeukia uwanja, aliinua nyekundu, na kila mtu alibaki alipo, wa bombani bombani, wa ukutani ukutani.

Niliwahi kuvuka. Sikuangalia jengo wala bunduki. Niliangalia kitambaa tu.

Nilivuka nikarudi na maji.

Kwa siku zote hizo hakuna mtu wa mstari wetu aliyepigwa risasi uwanjani. Nilimwona Baba akimtazama Simiyu kupitia ufa wa mlango, akiwa amevua kofia. Hakusema kitu. Kama angesema, pengine angelitamka lile jina, na hakuwa tayari.

Kisha malori yaliondoka. Redio ikatangaza kwamba utulivu umerejea. Watu walitoka nje wakitembea kwa hadhari. Jumamosi asubuhi bombani kulikuwa na foleni na umbea, na Simiyu alikuwa pale akisaidia kubeba mitungi ya wazee. Bendera ya kijani ilikuwa bado mkononi mwake. Ilikuwa imegeuka utani, watoto walimwomba awapeperushie. Ile nyekundu ilikuwa ndani kwa Mama, ambaye alikuwa akiirudishia pindo lililofumuka.

Nilikuwa dirishani nikianika godoro.

Gari jeupe lilifika bila namba. Wakashuka wanaume wamevaa nguo za kiraia. Mmoja alikuwa na jaketi zito, na jua lilikuwa kali.

"Nani Gadi hapa?"

Aliyekuwa mbele ya foleni alikuwa Mama Njoki, jirani yetu anayeuza mitumba Gikomba. Yule mwanamume alimshika shingo ya blauzi, akauliza tena.

"Wachana na yeye," Simiyu akasema. "Gadi ni mimi."

Niliona mgongo wa shati lake. Niliona mlango wa gari. Nilikimbia na nilipofika bombani maji yalikuwa yanamwagika chini, hakuna aliyekumbuka kufunga.

Hatukumwona tena.

Baba alivaa suti yake ya kanisa akaenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Aliandikisha kama anavyostahili mtu mwenye heshima zake: Josephat Simiyu, mwanangu, ametekwa na watu wasiojulikana. Mama Njoki naye, pamoja na wanawake wengine wa foleni, kwa mapenzi yao na bila kutuambia, walikwenda kituo kingine, walichodhani kina askari wenye utu kidogo. Waliandikisha kwamba wamemwona Gadi akitiwa kwenye gari. Wala wao wala sisi hatukujua kwamba siku ile tulikuwa tumemkata mtu mmoja vipande viwili.

Kwa maana kila tulipokwenda kumuulizia Josephat Simiyu tulijibiwa kwamba mtu wa jina hilo hakuwahi kukamatwa, hatafutwi, hana kosa, labda amekwenda Uarabuni kutafuta kazi kama vijana wengine. Na kila polisi waliposema habari za Gadi, Gadi alikuwa mhalifu, kiongozi wa kundi lenye silaha, ambaye yuko mafichoni. Kwa miaka kadhaa ndugu yangu mmoja alikuwa hana hatia na hayupo, na mwingine alikuwa mhalifu na yu hai. Katikati yao hakukuwa na maiti.

Mochari tulizimaliza. Sitaki kuziandika.

Mama alidhoofika. Sijui kama kuna uchovu kama ule wa kusikia hatua nje ya mlango kila jioni na kujua si zake, na bado kuinua kichwa. Kwetu magharibi, upande wa Webuye, mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukafungwa shuka, ukazikwa mahali pake. Watu hulia, hunyoa, kisha hula na kurudi majumbani. Mama alilitaka hilo. Alimwomba Baba kila Krismasi tulipokwenda nyumbani.

"Baba Nafula, tumzike mtoto nipumzike."

"Nikizika, watasema mzee amekubali. Wataifunga kesi."

"Kesi gani? Ni mimi ninayefungwa."

Nilikuwa upande wa Mama. Nilimwona Baba ni mkaidi, anayetaka ushindi wakati mkewe anakauka mbele ya macho yake, nami nilimwambia hivyo siku moja jikoni. Aliendelea kuosha kikombe chake polepole, akakifuta, akakiweka kabatini.

Serikali ilibadilika, au sura zake zilibadilika. Wakili kijana, binti wa Umoja ambaye mdogo wake nilimfundisha kusoma, alichukua kesi yetu bila malipo, na mwishowe mahakama ikakubali kufanya uchunguzi wa kifo. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Swali lilikuwa dogo: mtu aliyetiwa kwenye gari lile ni nani, na alifikwa na nini mikononi mwa waliomchukua. Jibu likipatikana, Mama angemzika mwanawe, na Baba alikuwa ameahidi kwamba hatakataa tena.

Mama Njoki alitangulia kutoa ushahidi. Alikuja amejitanda kitambaa kipya kichwani. Alisimulia yote vizuri, foleni, gari, jaketi, shingo ya blauzi. Kisha wakili wa serikali akasimama, mtu mpole, mwenye tabasamu.

"Mama, unamfahamu Josephat Simiyu?"

"Huyo hapana. Simjui."

"Hujawahi kumwona akitekwa?"

"Sasa nitamwona aje na simjui? Mimi niliona Gadi. Hiyo jina ingine unaniletea ni ya nani?"

Mama Njoki ametupa sukari, ametupa chumvi, amemlea Simiyu kama wake tangu akiwa na makamasi, na hakuwa akidanganya. Hakuwahi kulisikia jina hilo. Waliofuata walisema hayo hayo mmoja baada ya mwingine, Gadi, Gadi, Gadi, na kila aliposhuka mmoja wakili wa serikali aliinama kidogo kumshukuru. Alipomaliza alieleza kwamba polisi wanamjua huyo Gadi, kwamba alikuwa akiwapa wapiganaji ishara kwa bendera, kwamba aliponyoka siku ya operesheni na kuidondosha bendera yenyewe, ambayo imehifadhiwa kama kielelezo. Kuhusu Josephat Simiyu, serikali inaipa familia pole, lakini hakuna aliyemwona popote.

Mapumzikoni wakili wetu alitushika mikono kule koridoni. "Mbona hamkuniambia? Miezi yote hii?"

"Kukuambia nini?" Mama akamuuliza.

"Kwamba Gadi ndiye Simiyu."

Mama alimshangaa. "Kwani kuna asiyejua?"

Nilimtetea wakili wetu, na bado namtetea. Kila karatasi tuliyomletea ilisema Josephat Simiyu, na kila hadithi tuliyompa ilisema huyu kijana wetu. Jina la mtaani halikutoka kwa sababu Baba alikuwepo, na mbele ya Baba halikutajwa. Na Makongeni ilidhani dunia yote inalijua.

Tuliporudi ndani, Baba aliitwa. Alipanda kizimbani na suti ile ile, ambayo sasa ilimpwaya. Wakili wetu alitaka neno moja tu kutoka kwake, na alimwuliza waziwazi.

"Mzee, unamjua Gadi?"

"Namjua."

"Ni nani?"

Baba alinyoosha koti lake. "Gadi ni mimi," akasema.

Watu walicheka. Wakili wetu alifumba macho. Wakili wa serikali alisimama taratibu, akiwa hata haamini bahati yake, akauliza kama basi mzee ndiye aliyetupwa kwenye gari bombani, kwa kuwa tunamwona hapa, mzima, na tunamshukuru Mungu.

Baba hakumjibu yeye. Alimgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekuwa gadi, wa reli. Mtoto alichukua bendera zangu akiwa mdogo, watu wakampa jina la kazi yangu. Mimi sikumpa. Nilimkataza. Nilisema hajafanya mtihani. Wakati wa vita alisimama kwenye kona ya nyumba yangu akavusha watu kwenda majini na hakupoteza hata mmoja. Mimi nilikuwa ndani, nilimwona. Sikumwambia kitu. Jina ni lake. Sikumwambia."

Hakuna aliyecheka tena. Lakini wakili wa serikali alisema, kwa upole ule ule, kwamba huyu ni baba, na baba atasema lolote. Akaomba kielelezo kiletwe ili mahakama ione hizo zinazoitwa bendera za reli.

Karani alileta mfuko wa plastiki. Akatoa kitambaa.

Mama hakuwa shahidi. Alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi, mkono wake juu ya goti langu. Aliinuka.

"Mama, keti," karani akasema.

Hakuketi. Hakimu alimtazama, kisha akasema aachwe asogee.

Mama alikwenda hadi mezani. Hakuigusa bendera. Aliinama tu, kama anavyoinama kutafuta mawe kwenye mchele. Kisha alinyoosha kidole.

"Hii buluu ni sare ya Nafula. Hii ya maua ni leso yangu. Nilishona mimi. Mkono ulikuwa umekua, nikaongeza. Kilikuwa kinabana, kutoka hakitoki mpaka ufungue fundo. Tazameni, fundo liko. Halijafunguliwa."

Hakimu alivaa miwani. Wakili wetu alisogea. Kila mtu aliona. Fundo lilikuwa limekaza vile vile, na upande wa pili kitanzi kilikuwa kimekatwa kwa kisu, kuanzia kwenye buluu hadi kwenye maua.

"Mnasema aliidondosha," Mama akasema. "Hii haidondoki."

Wakili wa serikali aliketi.

Nilikwenda kumshika Mama. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa bado anakitazama kile kitanzi, na midomo yake inacheza bila sauti, na nilielewa kwamba alikuwa akikipima kwa macho, akiuona mkono ulioujaza.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki chache. Josephat Simiyu, anayejulikana pia kama Gadi, alichukuliwa akiwa hai na akafia mikononi mwa maafisa wa serikali. Majina ya maafisa hao hayakuweza kutambuliwa. Mahali ulipo mwili hapajulikani. Mahakama ilipendekeza uchunguzi zaidi. Makongeni waliimba kule nje, Mama Njoki akapiga vigelegele huku analia. Nami nilisimama kwenye ngazi nikifikiri kwamba ndugu yangu alikuwa na majina mawili, na yote mawili yameandikwa, na waliomuua hawana hata moja. Baba aliiomba bendera. Aliambiwa ni mali ya mahakama mpaka uchunguzi huo zaidi utakapokamilika.

Lakini alikuwa mtu wa ahadi. Jioni ile alimwambia Mama, "Sasa tumzike."

Tulikwenda Webuye. Ndugu wakaja, viti vikakodiwa, mchungaji akapatikana. Asubuhi ya mazishi, kabla kaburi halijachimbwa, baba mdogo wangu alikwenda nyuma ya nyumba na panga kuchagua mgomba. Kuna mmoja ambao Mama mwenyewe aliupanda alipoolewa, au mtoto wa mtoto wa ule alioupanda, mnene, umesimama wima karibu na choo cha zamani. Baba mdogo aliupapasa, akasema huu unamfaa, kijana alikuwa na mabega. Alivua shati. Sisi wengine tulisimama tukisubiri, Mama mbele, na shuka jeupe mikononi.

Kwa miaka yote ile yeye ndiye aliyeiomba siku hii. Nilikuwa nimejiandaa kumshika atakapoanguka.

"Shemeji, ngoja," alisema.

Baba mdogo alishusha panga.

"Huu hauna mkono," Mama akasema.

Hakuna aliyeelewa. Wazee walitazamana. Mchungaji alisogea karibu, akamwambia kwa upole kwamba ni ishara tu, mama, ni desturi, Mungu anaelewa.

"Najua ni desturi. Mimi ndiye niliyeitaka. Nilitaka nipumzike kwa sababu sikuwa na kitu, nilikuwa nalia hewani tu. Sasa nimekiona kitanzi. Kilikatwa kwenye mkono, na mkono huo uko mahali, na kuna mtu anayejua ni wapi." Alikunja shuka mara moja, akalikunja tena. "Nataka mkono wangu. Wakinipa nitazika."

Baba mdogo alimgeukia Baba, kama wanaume wanavyogeukiana wanapotaka mwanamke anyamazishwe. Chakula kilikuwa kimeiva. Watu walikuwa wametoka mbali. Nilimwona Baba akitia mkono ndani ya koti. Nilidhani anatoa kitambaa cha kujifuta machozi.

Ilikuwa bendera nyekundu. Pindo lake upande mmoja lilikuwa limerudishiwa, na upande mwingine uzi ulikuwa ukining'inia pale Mama alipoachia asubuhi ile ya bombani. Baba alisimama kati ya panga na mgomba. Aliinyoosha bendera kwa mkono uliokakamaa, mgongo umenyooka, akitazama mbele, kama nilivyomwona akifanya stesheni nilipokuwa mtoto. Wajomba zangu, ambao hawajui mambo ya treni, walidhani mzee amechanganyikiwa. Mama alikuja akasimama upande wake.

Chakula kililiwa. Mchungaji aliomba, akaenda. Hatukunyoa.

Mwili hatujapewa. Uchunguzi zaidi haujaanza, na ile bendera ya kijani iko mahali fulani ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nimerudi Umoja kwa watoto wangu wa chekechea. Majina ya usajili nayajua yote, na siku hizi nawauliza pia wanaitwaje mtaani. Wao hudhani ni mchezo, wananiambia wakicheka, nami narudia kila moja kwa sauti mpaka nilishike.

Ule mgomba bado umesimama. Umezaa mkungu mkubwa, na ndizi zake ni tamu, wanaozila wanasema hivyo. Mama akiwa Webuye huzikata zote na kuwagawia majirani. Sisi hatuzili.